Mchezo wa Pili: Namna ya Kuunda Upatu wa Kazi na Wanawake Wenzako

Kila tarehe 28 kijumbe wetu, anayekusanya hela za upatu, hupita meza kwa meza na daftari lake la jalada gumu. Tuko wanane, kila mmoja anatoa laki mbili, na mwenye zamu anaondoka na milioni moja na laki nne kutoka kwa wenzake saba. Kwa miaka sita hakuna mchango uliochelewa. Mmoja alifiwa, tukamlipia. Mwingine alijifungua, mdogo wake akaleta bahasha mpaka getini.

Katika miaka hiyohiyo sita zilitangazwa nafasi nne za umeneja katika ofisi niliyofanyia kazi wakati huo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeomba. Moja ya nafasi hizo niliijua wiki mbili kabla tangazo halijabandikwa, na mwenzetu mmoja alikuwa anaifaa kabisa. Sikumwambia. Wala sikuwa naitaka mimi. Nilinyamaza tu, labda kwa sababu hakuna aliyewahi kunishtua mimi kuhusu kitu chochote. Nafasi ikachukuliwa na mtu wa nje.

Siku nilipokiri hilo kwake, aliniuliza swali moja: "Sasa dada, hela zangu unaniletea kila mwezi bila kukumbushwa, habari ya kazi ilikushinda nini?" Ndipo tukaanzisha mchezo wa pili, usio na hela. Zamu ipo, daftari lipo, kijumbe yupo. Kinachochangwa ni kazi ya kumsogeza mwenye zamu. Haya hapa chini ndiyo tuliyojifunza, pamoja na makosa.

Hatua ya 1: Tafuta watu watano hadi saba, wasiwe mashoga zako wote

Wakizidi saba, zamu inachelewa kuzunguka na watu wanaanza kutoa udhuru. Wakiwa chini ya watano, michango inakuwa miembamba. Changanya idara: mtu wa uhasibu, wa manunuzi, wa masoko, wa ufundi kama yupo. Tafuta mmoja ambaye amekwishapanda na mmoja ambaye ndiyo kwanza ameajiriwa. Mmoja atoke nje ya ofisi yenu kabisa, ili asiwe na bosi mmoja na ninyi. Huyo ndiye atakayewaambia ukweli pale ninyi mnapooneana haya.

Shoga yako wa karibu si lazima awemo. Yeye anakupenda, na anayekupenda ataiona CV yako nzuri kabla hajaisoma.

Na msimwache dada wa mapokezi. Kwetu hoja hiyo ilileta ubishi, mmoja alisema "tutaongea naye nini?" Rais Samia Suluhu Hassan aliingia serikalini Zanzibar mwaka 1977 akiwa karani. Alirudi darasani, akahitimu stashahada ya juu ya utawala wa umma mwaka 1986 katika chuo cha Mzumbe, ambacho leo ni chuo kikuu, na siasa za uchaguzi akaziingia mwaka 2000. Kati ya meza ya ukarani na kiapo cha tarehe 19 Machi 2021 kuna miaka 44. Sijui nani alimkaribisha mezani mwaka wa kwanza, lakini wa mapokezi wetu sasa yumo, na ndiye anayejua nani anaingia kwa mkurugenzi na anatoka na sura gani.

Hatua ya 2: Mchagueni kijumbe, nunueni daftari

Kijumbe si mwenyekiti. Kazi yake ni tatu: kukumbusha, kuandika, kufuatilia. Katika mchezo wa hela tunamchagua mtu ambaye hataona aibu kukupigia simu saa mbili usiku kukuuliza mchango wako uko wapi. Mchagueni wa namna hiyohiyo.

Daftari liwe na safu nne: jina la mwenye zamu, alichoomba, nani aliahidi nini na lini, na kama ahadi imetimia. Msitumie kundi la WhatsApp peke yake. Huko ahadi zinazikwa chini ya picha za harusi na heri za Ijumaa.

Mpangilio wa zamu usipigiwe kura ya karatasi. Kwenye upatu wa hela, mwenye ada za Januari hupewa Januari. Huku nako anatangulia mwenye jambo la karibu: ambaye dirisha la maombi linafungwa, ambaye mkataba unaisha, au anayerudi kutoka likizo ya uzazi.

Hela zisiingie humu. Mkianza kuchangishana, ndani ya miezi mitatu mtakuwa na kikoba cha pili na hakuna atakayezungumzia kazi. Hata chakula kiwe chai na maandazi. Kikao chetu cha kwanza nilipika pilau, na tukajadili pilau.

Hatua ya 3: Mwenye zamu aje na ombi linaloshikika

"Nataka kupanda" ni dua. Ombi ni kama hivi: "Nataka nafasi ya afisa mwandamizi itakayotangazwa Julai, sina uzoefu wa kusimamia bajeti, nani anaweza kunisaidia nipate hata bajeti ndogo kabla ya Juni?" Au: "Nimeitwa kwenye usaili Jumatano, nahitaji watu watatu wanihoji Jumapili." Au, kwa aliyechoka: "Nataka kuhama idara bila kugombana na bosi wangu, nianze na nani?"

Mpeni dakika 20 za kueleza bila kukatizwa. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, maana sisi tumezoea kuitikia. Kisha kila mmoja achange, na mchango usiwe ushauri. Kwenye upatu hakuna anayeleta ushauri wa hela, analeta hela. Kwa hiyo "jiamini tu mpenzi" haliandikwi daftarini. Kinachoandikwa ni "Nitasoma barua yako ya maombi na kuirudisha Alhamisi", "Nitamwomba meneja wangu akuingize kwenye kamati ya ukaguzi wa stoo", "Nitakutumia muundo wa utumishi wa kada hiyo kesho asubuhi".

Saa moja na nusu inatosha. Jumamosi asubuhi kwetu inafaa. Kwa mwenye mume mwenye maswali, Jumamosi asubuhi haina maswali mengi.

Hatua ya 4: Kila mmoja awe na faili lake

Kila Ijumaa kabla ya kuzima kompyuta andika mistari mitatu: ulifanya nini, kilibadilisha nini, nani alishuhudia. Basi. Iandike kwenye simu, kwenye shajara, popote ambapo hapatabaki ofisini siku ukiondoka.

Wengi wetu tunajaza tathmini ya mwaka kwa kukumbuka, na kumbukumbu ya mwanamke mnyenyekevu ni adui yake. Mwenzetu wa manunuzi aliandika: "Nilisaidia katika zoezi la wazabuni." Tulipombana akaeleza kwamba yeye ndiye aliyeshika zoezi zima, wazabuni 30 na zaidi, na kwamba aligundua ankara zilizolipwa mara mbili. Sentensi mpya ikawa: "Niliongoza uhakiki wa wazabuni, nikabaini malipo yaliyojirudia, na taratibu niliyopendekeza ndiyo inayotumika sasa." Alikuwa mwekundu kwa aibu. Lakini kila neno lilikuwa kweli.

Kwa mtumishi wa umma, mfumo wa PEPMIS, ule wa kupima utendaji, unataka uingize majukumu na utekelezaji wako mwenyewe. Mistari ya Ijumaa ndiyo malighafi yako. Ukisubiri siku za mwisho, utaandika "nilitekeleza majukumu kama nilivyopangiwa", na utapewa alama zinazofanana na sentensi hiyo.

Hatua ya 5: Usikaimu kwa mdomo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia mimi.

Bosi wangu wa zamani alihamishwa ghafla. Niliitwa, nikaambiwa: "Wewe ndiye unayeijua idara, tushikie kwa muda." Nilishika miezi kumi na moja. Nilisaini ripoti, niligombana na wakaguzi, nilikuwa wa mwisho kuzima taa. Siku meneja mpya alipoletwa, nilitakiwa nimfundishe kazi. Nilipouliza mbona sikufikiriwa, jibu lilikuwa kwamba kwenye faili langu hakuna mahali palipoandikwa kuwa nimewahi kuongoza idara. Na kweli hapakuwepo. Miezi kumi na moja haikuacha hata karatasi moja.

Kukaimu ni mlango halisi wa uongozi. Ruth Zaipuna alikaimu kwanza nafasi ya ofisa mtendaji mkuu wa benki ya NMB kabla ya kuthibitishwa mwaka 2020, na kabla ya hapo alikuwa ofisa mkuu wa fedha wa benki hiyo. Lakini unakaimu kwa barua. Ukiambiwa kwa mdomo, usikatae wala usinung'unike. Itikia, kisha siku hiyohiyo tuma barua pepe ya aina hii:

"Ndugu Meneja, nashukuru kwa imani yako. Kufuatia maelekezo yako ya leo kwamba nisimamie idara kuanzia Jumatatu, naomba barua ya kukaimu itakayoonyesha tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mipaka ya mamlaka yangu ya kusaini, na posho ya kukaimu kwa mujibu wa taratibu zetu. Nitaanza kazi Jumatatu kama ulivyoelekeza."

Soma tena. Haina ugomvi ndani yake, na hata barua isipokuja, hiyo yenyewe imeshakuwa ushahidi wenye tarehe. Nakala kwa watu wa utumishi. Kazi ya kundi hapa ni moja: mwenye zamu asilale kabla hajaituma. Sisi tulikaa na mwenzetu kwenye simu mpaka aliposema "imeondoka".

Muulize pia swali la pili mapema: nafasi itatangazwa lini, na kaimu anaruhusiwa kuomba? Watu wengi wanadhani kukaimu vizuri ni kuomba kazi. Si kuomba. Tangazo likitoka, andika maombi kama mtu wa nje.

Hatua ya 6: Vikao, chai na muhtasari

Angalieni kwenu nani anaandika muhtasari wa vikao, nani anakusanya michango ya misiba, nani anapanga keki ya anayestaafu. Majina yakiwa yaleyale ya kike kila mwaka, ombeni zamu. Msilete hotuba ya haki, semeni tu, "Muhtasari wa mwezi huu nimeandika mimi, mwezi ujao nampendekeza kaka Juma." Kaka Juma atakubali, kwa kuwa kukataa mbele ya watu ni kazi zaidi.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema muhtasari ni kazi ya kudharauliwa. Anayeuandika anajua maamuzi yote na nani aliyasema. Uandike mwaka mmoja, ujifunze nyumba inavyoendeshwa, kisha uachie. Miaka tisa ni mingi.

Ndani ya kikao kuna mchango mmoja usiogharimu kitu. Mwenzako akitoa hoja ikapita kimya, halafu dakika kumi baadaye mwanaume akairudia na watu wakaitikia kwa vichwa, sema: "Naona tumerudi kwenye hoja ya Neema, Neema, ungependa kuendelea?" Ifanyieni mazoezi kwa sauti Jumamosi. Bila mazoezi utaikumbuka ukiwa kwenye daladala.

Hatua ya 7: Mimba isiwe mwisho wa zamu

Kwa aliyeajiriwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 ukijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Mwajiri anapaswa kupewa taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matazamio, pamoja na cheti cha daktari, na likizo inaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe hiyo. Ukirudi unanyonyesha, una haki ya muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito au hali ya ndoa. Kenya likizo ni miezi 3 yenye malipo kamili, na sheria yao inataja wazi haki ya kurudi kwenye kazi yako au nyingine inayolingana nayo.

Hayo mengi wanayajua. Kisichoandikwa kwenye sheria ni kwamba mtu anarudi akakuta meza ipo na kazi haipo. Zile siku 84 mambo yamegawanywa upya. Kwa hiyo kundi lifanye haya: kabla hajaondoka, mwandikieni pamoja hati ya makabidhiano yenye neno "kwa muda" na tarehe ya kurudi. Akiwa likizo, mtu mmoja awe macho yake: matangazo ya ndani, mafunzo, mabadiliko ya muundo, yote amtumie, na yeye ataamua kusoma au kulala. Wiki mbili kabla hajarudi, aombe kikao kifupi na bosi wake kuhusu majukumu. Akirudi, zamu ya mwezi huo ni yake bila kujadili.

Ikifika mahali ameachishwa kazi au amebaguliwa, msikae na kulia naye tu. Katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Wengi wanakosa haki kwa sababu siku 30 zimeishia kwenye kufarijiwa. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wamekuwa wakitoa msaada wa kisheria kwa miaka mingi. Anzieni huko kama hamna hela ya wakili.

Hatua ya 8: Mazoezi ya usaili, na kutajiana mishahara

Usaili wa mazoezi uwe na meza, viti vitatu upande mmoja, na saa. Mwalikeni mwanaume mmoja mwenye cheo mnayemwamini awe kwenye jopo. Atauliza maswali ambayo sisi kwa sisi tunayakwepa: "Una watoto wadogo, safari za mikoani utazimudu?" Jibu liwe tayari na liwe fupi: "Ndiyo. Mwaka jana nilisafiri mikoa minne." Usimtaje mama mkwe wala dada wa kazi.

Kuhusu mshahara, ajabu yetu ni hii: tunajuana nani amepokea mchezo wa kiasi gani, nani anadaiwa kitenge, lakini mishahara ni siri ya kaburi. Aliyekwishapanda na ataje kiwango alichokuta na alichopata baada ya kuomba zaidi. Mwenzetu mmoja alikuwa tayari kutaja kiasi ambacho kilikuwa chini ya kile ambacho ofisi ile ilikuwa ikimlipa mtu aliyemtangulia. Dakika mbili za kuambiana ukweli zilimwongezea zaidi ya mchezo wa mwaka mzima.

Hatua ya 9: Aliyepanda anadaiwa nini

Watakuja kusema adui wa mwanamke ni mwanamke. Mimi naona palipo na kiti kimoja cha mwanamke kwenye meza ya watu kumi, wanawake watagombana, kama ambavyo watu wowote wangegombana. Ila mipaka lazima iwekwe mapema, kabla hajapanda mtu.

Aliyepanda hadaiwi ajira. Havujishi maswali ya usaili. Akiwa kwenye jopo na mmoja wetu ameomba, anasema wazi na anakaa pembeni. Tuliyaandika haya ukurasa wa kwanza wa daftari, na siku moja yaliumiza: mwenzetu alikosa nafasi, na aliyekuwa anaweza "kufanya jambo" alikuwa ni wa kundi letu. Alikaa pembeni. Walinuniana wiki tatu.

Anachodaiwa ni hiki: nafasi ikitangazwa, ahakikishe imewafikia wote; kazi ngumu inayoonekana ikitokea, asiwape wanaume peke yao; na jina la mwenzake alitaje kwenye vyumba ambavyo mwenzake haingii. Abaki pia kwenye mchezo. Anna Makinda aliingia bungeni mwaka 1975 na akawa Spika mwaka 2010. Safari ya miaka 35 haina mzunguko mmoja, na meneja mpya anahitaji zamu kuliko alivyoihitaji akiwa afisa.

Akipokea zamu yake akatoweka, mchukulieni kama mnavyomchukulia aliyekula mchezo akakimbia: kijumbe ampigie mara moja, aulize kama kuna tatizo. Kama hakuna, jina linapigwa mstari.

Mkiwa imara, tokeni nje ya ofisi. TAMWA ilianzishwa mwaka 1987 na kikundi cha wanahabari wanawake, wachache tu. Mwenye biashara aitazame TWCC, chemba ya wanawake wafanyabiashara. Aliye katika ajira amwombe mwajiri amlipie programu ya Mwanamke Kiongozi ya Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, iliyofuata mfano wa chama cha waajiri cha Norway. Ombi hilo nalo liandikwe daftarini kama zamu.

Na yule aliyebaki nyumbani

Kila mmoja wetu anayekaa Jumamosi kuzungumzia vyeo, kuna msichana nyumbani kwake anayeosha vyombo. Tulilikwepa hili mwaka mzima. Sasa ni sharti la kuingia: dada wa kazi awe na mkataba wa maandishi, siku ya mapumziko kila wiki, mshahara usioruka mwezi, na michango ya NSSF. Wa kwangu ameanza kozi ya ushonaji VETA jioni. Siku hizo napika mwenyewe, na watoto wanalalamika.

Mwezi uliopita nafasi ya mkuu wa idara ilitangazwa hapa ninapofanya kazi sasa. Naitaka. Tangazo lilinifikia saa nne asubuhi. Saa nne na nusu nilikuwa nimelituma kwa wote. Wawili tumeomba, mimi na yuleyule niliyemnyamazia zamani. Usaili ni Jumatano. Zamu ya Jumamosi hii ni yake, na mimi niko kwenye jopo la kumhoji.